Swali la lugha: fanksheni yangu niiandike "tumia(kwa: Asha)" au "kwa" imezidi?

Msomaji anajifunza Swift, lugha ya kuandikia programu, na majina yote anayaweka kwa Kiswahili. Kaandika fanksheni (kipande cha programu unachokiita kwa jina kifanye kazi) ya kutuma hela, func tumia(kwa mpokeaji: String, kiasi: Int), ambapo "kwa" ni jina la nje na "mpokeaji" la ndani, halafu anaiita tumia(kwa: "Asha", kiasi: 5000). Mwenzake kamwambia hiyo "kwa" imezidi. Anauliza nani yuko sahihi, na kama si bora "mpokeaji" akae nje na "kwa" ikae ndani.

Hilo la pili tulimalize haraka: hapana. Jina la nje ndo linaloandikwa ukiiita fanksheni, la ndani linafanya kazi humohumo ndani tu, kwa hiyo nje weka neno linalofanya mstari usomeke kama sentensi na ndani weka nomino, la sivyo utajikuta unaandika print(kwa), kitu kisicho na kichwa wala miguu.

Kuhusu "kwa", mwenzako yuko sawa. Kitenzi kikishakuwa na -ia, kazi ya "kwa" imeshafanywa humohumo kwenye kitenzi, ndo maana tunasema "nimempikia mgeni" na hakuna anayesema "nimempikia kwa mgeni". Sasa Swift inakuruhusu kuondoa jina la nje kwa kuweka mstari wa chini: func pikia(_ mgeni: String), ukiita ni pikia("Juma"), basi. Ukirudi kwenye "pika" tupu kuwa makini, pika(kwa: "Juma") mtu ataelewa umepikia nyumbani kwa Juma, na pika(kwa: "mkaa") hapo mkaa ndo nishati, zote Kiswahili safi ila hakuna inayosema chakula ni cha nani.

"Tuma" nayo ina mtego wake, maana ukiiongeza -ia inafanana kabisa na "tumia" ya matumizi, tumia("Asha") inasomeka kama vile Asha ni jembe 😂. Una njia mbili. Ya kwanza tuma(kiasi: 5000, kwa: "Asha"), hapo "kwa" ina kazi kwa sababu kitenzi hakina -ia. Ya pili, mimi naipenda zaidi, mtumie("Asha", kiasi: 5000), ndo tunavyoongea kila siku. Ila angalia mpangilio umegeuka: kwenye -ia anayepokea anatangulia, tunasema "mtumie Asha elfu tano" na siyo "mtumie elfu tano Asha", kwa hiyo hata parameta, yaani vile vitu unavyoipa fanksheni, zipange hivyohivyo.

Na kwenye kuhamisha hela, hamisha(kiasi: 5000, kutoka: "akiba", kwenda: "matumizi") iko poa, ila andika "kutoka" kamili, usifupishe kuwa "toka", maana toka: "akiba" inasomeka kama unaifukuza akiba yako.