Re: Toyota IST inamisi (silinda moja haichomi petroli vizuri, injini inatetemeka), nitajuaje koili ipi mbovu bila mashine?

Mkuu hiyo mashine ya kupima achana nayo kwanza, injini ya 1NZ ya IST ina koili 4 (zinazopeleka umeme wa cheche kwenye plagi), moja kwa kila silinda, zimekaa juu kabisa, toa kava la plastiki, spana namba 10 inatosha. Zima gari, chomoa soketi ya koili moja, washa uisikilize ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), ikizidi kutetemeka basi hiyo silinda iko sawa, zima rudishia nenda inayofuata. Ukichomoa na hakuna kilichobadilika umempata mchawi! Sasa badilishana hiyo koili na ya jirani yake, tatizo likihama nayo nunua koili, likibaki palepale fungua plagi uiangalie. Ila please usizunguke nayo mjini inamisi hivyo, petroli isiyoungua inaua masega (kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi).