Deni lilitangulia kuingia mahakamani

Wiki iliyopita mliuliza: mzazi anayedaiwa fedha za matunzo ana uso gani wa kwenda mahakamani kuomba mtoto akae naye? Uso sikuwa nao, lakini nilikwenda.

Tulipoachana mwaka 2019 binti yetu alikuwa na miaka 4. Alikwenda na mama yake kuishi kwa bibi mzaa mama, mkoani Tanga, nami nikaamriwa kutoa shilingi 60,000 kila mwezi. Kuhusu kukaa na mama sikubishana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema awe na mama yake, labda paletwe sababu za kuonyesha vingine. Nililipa vizuri mpaka pikipiki yangu ya bodaboda ilipoibwa. Hapo nikaanza kutuma elfu ishirini, elfu kumi, mwisho nikawa sipokei hata simu. Hesabu ilipokuja kupigwa, deni lilikuwa 840,000, yaani miezi 14 kamili.

Mwaka 2024 mama yake akapata kazi za ndani Muscat. Mtoto akabaki na bibi, mzee anayesumbuliwa na miguu. Nikaona mwanya. Tena niseme lililokuwa moyoni: sehemu ya furaha yangu ilikuwa hesabu tu. Akihamia kwangu, nani atanidai?

Afisa ustawi wa jamii alilinusa hilo kabla sijamaliza kujieleza. Aliniuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Nikajibu la tatu. Kumbe yuko la nne. Hakunigombeza; alifunga faili akaniambia nianze kulipa, hata kidogo kidogo, na nisifute ujumbe wowote wa muamala, kwa sababu hakimu atataka kujua mtoto alikuwa anakula nini miezi yote ile.

Wanaosema mwenye deni asifungue mdomo, sheria haisemi hivyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto: umri wake, maoni yake mwenyewe kama hakushinikizwa, kutomtenga na ndugu zake, kutokatiza malezi aliyoyazoea. Na kiasi cha matunzo kinapangwa kwa kutazama kipato cha wazazi wote wawili. Kwa hiyo siku pikipiki ilipoibwa nilitakiwa kurudi mahakamani kuomba kiasi kipunguzwe. Amri ya matunzo inaombewa mabadiliko, jamani! Wanaume wengi kijiweni kwetu hawalijui hili. Wanachojua ni kubadilisha laini ya simu.

Mjomba wake mtoto alikuja na barua ya dada yake kutoka Muscat. Haikuwa na matusi, ilikuwa na tarehe: ya homa, ya kurudishwa nyumbani kwa kukosa sare, ya simu nisizopokea. Nilitamani ingekuwa ya matusi. Binti yangu naye alizungumza na afisa peke yao. Alisema nini, sijamuuliza mpaka leo.

Ikaamuliwa abaki kwa bibi hadi mwaka wa shule uishe, likizo aje kwangu, kisha Januari aanze darasa la tano huku nilipo. Deni halikuguswa. Nililipe kwa shilingi 40,000 kila mwezi, miezi 21, awe kwangu asiwe kwangu.

Mama yake alielekeza fedha hizo ziende kwa bibi, maana ndiye aliyekuwa akikopa dukani. Mara ya kwanza nilizipeleka mwenyewe. Bibi hakuzihesabu, alinituma nimpelekee mwenye duka. Yule bwana akafungua daftari lake la mikopo, akapitisha kidole kwenye mistari ya miezi niliyozima simu: unga kilo 2, sabuni ya mche, madaftari 4, unga kilo 2.