Nati za Nissan kwenye gurudumu la Toyota
Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza kama nati za magurudumu zilizotoka kwenye Nissan zinaweza kufungwa kwenye Toyota yako, kwa kuwa zimeingia mizunguko miwili kisha zikagoma, na jirani amekushauri uongeze bomba kwenye spana ili uzikaze kwa nguvu. Nakuomba sana usifanye hivyo. Kipenyo ni kilekile, milimita 12, ndiyo maana zinaanza kuingia. Lakini nyuzi (ile mistari ya msokoto ambayo nati huzungukia) za Toyota nyingi ndogo zimepishana kwa milimita 1.5, ilhali za Nissan nyingi, kama za Suzuki na Subaru, zimepishana kwa milimita 1.25, hivyo kadiri unavyokaza ndivyo nati inavyozikata nyuzi za studi, yaani ile boliti inayochomoza ambayo nati hufungwa juu yake. Mimi nilifanya kosa hilo hapa Tabora, na nilipoifungua nati nilikuta unga wa chuma unaong'aa umeganda ndani yake, na studi ikabidi igongwe itoke, iwekwe nyingine.

Safisha studi kwa brashi ya waya, kisha zungusha nati kwa vidole mpaka iguse rimu. Ikigoma njiani, si yake. Unapokwenda dukani beba nati moja ya gari lako, na ulinganishe pia sehemu inayokaa kwenye rimu, maana rimu nyingi za aloi za Toyota zenyewe hutumia nati yenye washa bapa (kipete bapa cha chuma), si yenye ncha ya koni. Zile studi mbili ulizokwisha kuzilazimisha zikaguliwe kabla hujaelekea Kasulu.