Kabla ya kukata tiketi ya Kilwa, tazama mwezi

Mume wangu ni mtu wa ratiba. Hata hatujatoka Dar, alikuwa ameshazigawa siku zetu nne kwa saa: kisiwa cha Songo Mnara asubuhi, kisiwa cha Kilwa Kisiwani mchana, vyote vya magofu, jioni pweza mjini Masoko. Kazi yangu ilikuwa mabegi ya mgongoni, nikayashindilia mpaka kila moja likafika kilo 14. Tulikosea wote wawili, ila kosa lake ndilo lililotukalisha kwenye tope kwa muda wa saa tatu, kwa hiyo naanza na lake.

Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, bahari ya pwani yetu hutoka mbali sana, na kina cha chini kabisa huangukia mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Ndio wakati ambao kila mgeni anataka kuwa matembezini. Sisi tulifika Julai, mwezi mpevu, tukaishia kusifia mwanga wake juu ya maji. Kesho yake bandarini, nahodha, mzee wa rika la baba yangu, alitwambia: "Wanangu, leo maji yanatoka. Twendeni Kisiwani kwanza, Songo Mnara tuiweke baada ya adhuhuri." Mume wangu akamwonyesha ratiba kwenye simu. Mzee akaitazama kwa adabu, akawasha injini.

Songo Mnara penyewe pazuri mno. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zimebaki na milango yake, vidaka vya ukutani, na nyua ambazo unashuka ngazi kuingia. Ukisogeza uso karibu na ukuta unaona matumbawe yenyewe, yana mikunjo kama ubongo wa mbuzi. Tulizunguka kwa muda wa saa mbili. Tuliporudi mikokoni, mashua ilikuwa imelala ubavu juu ya tope, na bahari imekuwa mstari mwembamba huko mbali.

Tulikuwa na pakiti moja ya biskuti na mbu wasiohesabika. Mimi na mwenzangu tulinuniana. Mzee alijifunika kofia usoni, akalala. Alipoamka, mume wangu, sijui ni njaa au ni aibu, akamwomba amfundishe. Mzee akaokota kijiti, akachora kwenye tope: mwezi mzima, mwezi nusu, na mistari ya maji. Kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: bahari haitoki sana, tena hujaa katikati ya asubuhi. Hizo ndizo siku za kwenda Songo Mnara bila presha. Tungemuuliza jana yake, tungelijua bure.

Kwa hiyo tazama mwezi kwanza, tiketi baadaye. Na ukipatana bei ya mashua, patana na muda wa kusubiri humohumo. Usije kuanza mabishano mkiwa katikati ya mkondo.

Kufika si kazi. Basi la kusini linapita Mbagala, linavuka Rufiji kwa daraja la Mkapa, unashuka Nangurukuru na kuchukua gari jingine hadi Masoko. Kibali cha magofu kinakatwa hapo Masoko kabla ya kuvuka, na kwa Mtanzania ni nafuu kuliko kwa mgeni, hivyo beba kitambulisho.

Mabegi nayo. Kisiwani unatembea kwa miguu kutoka ngome ya Gereza hadi kasri la Husuni Kubwa, jua la utosini, na kilo 14 hazikusaidii chochote. Siku ya pili tuliacha yote gesti, tukabeba begi moja kwa zamu: maji lita tatu, chapati, kanga mbili. Kanga ni taulo, ni mkeka, ni kivuli, na ni stara unapopita kijijini, maana watu wanaishi pale na wana heshima zao. Miguuni vaa yeboyebo. Ndala yangu moja bado iko kwenye tope la Songo Mnara.

Chukua mwongoza wageni wa kijijini. Wetu alitusimamisha mbele ya Msikiti Mkuu, akatuonyesha ilipoishia sehemu ya zamani na ulipoanza upanuzi wa karne ya 14, wenye nguzo na kuba. Peke yetu tungeona ukuta tu. Upanuzi huo ni wa zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 akisifika kwa ukarimu. Sarafu ya shaba yenye jina lake imeokotwa hadi kwenye magofu ya Great Zimbabwe, kwenye njia ya dhahabu iliyokuwa ikishuka bandari ya Sofala. Wareno walipouteka mji mwaka 1505 walijenga ngome, wakaikimbia mwaka 1512. Gereza la leo lilijengwa upya na Waomani.

Jambo jingine ni la wawili. Mume wangu anasoma kila kibao na kupima kila ukuta kwa hatua. Mimi nikiona kivuli nakaa. Tulipofika Husuni Kubwa nilimwambia kila mtu achukue saa moja ya peke yake. Akaenda kulizunguka birika la pembe nane, nikamsikia anahesabu kwa sauti. Mimi nikakaa ukingoni juu ya bahari, pale masultani walipojenga kasri lao wakijua upepo wa kusi unakofikia, nikala chapati yangu na nusu ya yake.

Saa tisa alasiri tulikutana mashuani, maji yakiwa yanaingia. Mume wangu akamuuliza mzee kama wakati unafaa. Mzee akacheka, akamwambia ashike kamba.