Sumu haikufuta hukumu ya Praljak

SWALI: Wakili, shikamoo. Tulibishana kijiweni kuhusu Slobodan Praljak, yule jenerali Mkroatia aliyekunywa sumu mbele ya majaji wa mahakama ya kimataifa ya uhalifu wa kivita wa Yugoslavia ya zamani, The Hague. Wenzangu wanasema alikufa kesi haijaisha, kwa hiyo kisheria hana hatia, kama Milošević, rais wa zamani wa Serbia. Mwingine anasema alifungwa kwa kubomoa daraja la Mostar, kule Bosnia, wakati wa vita. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba. Hakuna.

Video ya tukio lile watu wanaitazama chupa, masikio wameyafunga. Irudie. Ni tarehe 29 Novemba 2017, Jaji Carmel Agius anasoma: rufaa imekubaliwa kwa sehemu, kifungo cha miaka 20 kinabaki palepale. Baada ya hapo ndipo mzee anapaza sauti kwamba yeye si mhalifu wa kivita, anagugumia kichupa. Sumu ile, sianidi, ilikuta hukumu imeshatamkwa. Kikao kikaahirishwa, kikaendelea baadaye siku hiyohiyo kwa washtakiwa wenzake waliobaki.

Milošević alikufa Machi 2006 kabla ya hukumu yoyote. Faili likafungwa tupu. Si sawa hata kidogo. Anayefaa kulinganishwa ni Rasim Delić, kamanda wa jeshi la Bosnia, aliyefariki Aprili 2010 akisubiri rufaa mahakama hiyohiyo. Majaji walifunga rufaa na kutamka kwamba hukumu ya awali ndiyo ya mwisho. Maana yake hata Praljak angekunywa wiki moja kabla, ile miaka 20 aliyopewa na majaji wa kwanza mwaka 2013 isingekwenda popote. Hilo la kifo kufuta hatia watu wanaliokota kwenye mahakama za Marekani, wanalipachika kila mahali.

Daraja ndilo linalonichosha zaidi. Lilikamilika 1566, likaanguka Novemba 9, 1993 kwa mizinga ya HVO, jeshi la Wakroati wa Bosnia, siku ileile Praljak alipokabidhi ukamanda alioushika tangu Julai. Majaji wa kwanza walilihesabu kuwa kosa. Wa rufaa, kwa wingi wa kura, walisema lilikuwa shabaha halali ya kijeshi kwa kuwa upande wa pili, jeshi la Bosnia, ulilitumia vitani, wakamwondolea. Hiyo ndiyo ile “kwa sehemu”! Kilichombana ni mpango wa pamoja wa kuwaondoa Waislamu Herzegovina, na kambi walimofungiwa, za Dretelj, Gabela na Heliodrom. Mhandisi huyu, tena mwongozaji wa tamthilia, alikuwa msaidizi wa waziri wa ulinzi wa Kroatia, kule Zagreb, kabla ya kwenda kuongoza HVO. Alijua amri inapitia wapi.

Mngekuwa mnabishana tu nisingesema sana. Lakini vishoka, mawakili bandia, wanayauza haya. Juzi mama mmoja kaja na karatasi ya kishoka: mumewe kafariki rufaa ikisubiri, kaambiwa hukumu imejifuta yenyewe, akae atulie. Adhabu ilikuwa faini. Kwa sheria zetu rufaa ya kifungo hukoma mkata rufaa anapokufa, ya faini haikomi. Familia ilikuwa na haki ya kuiendeleza. Mama alikaa akatulia kama alivyoambiwa, mpaka dalali wa mahakama alipogonga mlango kuja kuandika vyombo vya ndani.