Mdau wa Nyakato, usitume hela kabla simu yako haijaiona hiyo treina

Usitume hiyo laki 8. Nimesoma swali lako mara mbili: umeuliza apu ipi ni nafuu kwa kuendesha baiskeli ndani, utumie simu au TV, kelele zitawasumbua wapangaji wa chini au la, halafu mwishoni kabisa, kama kitu kidogo tu, ukasema umepata treina "smart" ya mtumba (kile kifaa cha kufungia baiskeli uendeshe ndani, "smart" maana yake kinaongea na apu), jamaa yupo Dar, ukilipa anakutumia kwa basi. Hapo ndo moyo umenipasuka maana hapo hapo ndo nilipopigwa mimi.

Mimi nipo Kirumba, hapa hapa Mwanza. Natoka kazini saa kumi na mbili jioni, saa moja giza, na barabara ya Makongoro muda huo daladala na boda hawakuoni kabisa ukiwa na baiskeli, kwa hiyo nikaamua niendeshe ndani. Nikapata treina kwa laki 9. Nikamuuliza muuzaji inaunganika na simu? Akanitumia voisi, "kaka hiyo ni smart, inashika simu zote." Nikalipa, mzigo nikaenda kuuchukua stendi ya Nyegezi, nikafunga baiskeli, nikachomeka umeme, kitaa kikaanza kuwaka na kuzima, nikafurahi. Nikafungua Zwift, apu ya kuendeshea baiskeli ndani, kwenye ukurasa wa kuunganisha vifaa, inatafuta, inatafuta. Nikaingia kwenye blutuzi ya simu yenyewe, ikaja spika ya jirani, ikaja TV ya mwenye nyumba, treina haipo. Nilikaa nayo mpaka saa sita usiku, nikaazima na simu ya shemeji. Jiwe la Bismarck pale ziwani lingesogea kabla ile kitu haijatokea.

Kumbe ile treina ni ya zamani, inatumia ANT+ peke yake, yaani njia nyingine ya kurusha data bila waya. ANT+ na blutuzi zote zipo kwenye masafa ya 2.4 GHz lakini hazielewani, ni lugha mbili tofauti. iPhone haina ANT+, na Android nyingi nazo hazina. Inataka kidude cha USB na kompyuta. Nikaagiza kidude, nikasubiri wiki tatu, kufika laptop yangu ya zamani haiwezi kuibeba Zwift, picha inakatakata, baiskeli kwenye skrini inaruka kama chura. Kufikia hapo nimeshatoa zaidi ya milioni na sijaendesha hata kilomita 5 za maana.

Na yule muuzaji bado ananiuma. Angesema "sijui, ngoja niangalie" ningemuelewa. Yeye akaniambia niapdeti simu, nikaapdeti, akasema labda simu yangu ni feki, baadaye akaacha kupokea. Mtu anauza kitu cha laki 9 hajawahi hata kukiwasha, anaokoteza maneno kwenye tangazo la mwenzake.

Kwa hiyo kanuni ni moja: hela haitoki mpaka kifaa kitokee kwenye skrini. Siyo picha ya boksi, siyo voisi. Shusha MyWhoosh, apu kama Zwift ila ni ya bure, fungua sehemu ya kuunganisha, mtu azungushe pedali mbele yako, uone jina la treina na wati, yaani nguvu ya kukanyaga, zikipanda na kushuka. Kama yuko mbali apige video kolo, simu ya pili ioneshe hiyo skrini. Na kama ameshaiunganisha na apu nyingine aifunge kwanza, blutuzi za treina nyingi zinakubali apu moja kwa wakati. Akileta sababu, achana naye.

Ile yangu niliiuza kwa hasara. Sasa natumia treina ya kawaida ya sumaku, ile ambayo rola inagusa tairi la nyuma, na sensa ya spidi ya blutuzi nimeivalisha kwenye habu ya gurudumu, inatumia betri bapa ya CR2032. Zwift inachukua spidi pamoja na modeli ya treina, halafu inakadiria wati; modeli isipokuwepo kwenye listi yao inakukatia mwisho wati 400, ambazo mimi na wewe hatuzifikii kirahisi. Upepo wa tairi uwe ule ule kila siku na skrubu ya rola uikaze mizunguko ile ile, la sivyo wati zinadanganya. Tairi la meno toa, weka laini. Umeme ukikatika mimi naendelea, treina haichomekwi popote. Zwift ni dola 19.99 kwa mwezi, hiyo ndo inauma.

Tafuta feni la kusimama na utandike kanga kuukuu juu ya fremu, jasho lina chumvi, mimi boliti za usukani zimeshaanza kutu.

Huyo jamaa kakwambia modeli gani? Niandikie hapa leo kabla hujamjibu. Na kama ana ndugu yake Mwanza mwenye mzigo kama huo, Jumamosi mchana nipo, tunaenda wote na simu yangu.