Usinunue tangi kabla hujasoma mita usiku

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema kamati ya shule imeshatoa fungu, tangi la lita 10,000 limechaguliwa, mabango yapo kwa mchoraji, na sasa unauliza uwape wanafunzi zawadi gani ili wapende kutunza maji. Nijibu kwanza: mita yenu ya maji umewahi kuisoma usiku, shule ikiwa imelala?

Nauliza kwa uchungu. Nilikuwa mlezi wa klabu ya mazingira. Tulichangisha mwaka mzima, watoto wakaimba, wazazi wakatoa. Akaja muuzaji wa matangi, akazunguka uani dakika kumi, akasema shida yenu hapa ni pa kuhifadhia maji tu. Hakuomba kuona bili. Hakuingia choo hata kimoja. Tukanunua matangi mawili ya lita 5,000, na fundi wake akayaunganisha na bomba linalolisha vyoo. Hapo ndipo tulipokwisha.

Mvua ya kwanza ikayajaza yote mawili, tukapiga picha. Ijumaa jioni shule ikafungwa. Jumatatu asubuhi nikagonga tangi kwa kifundo cha kidole, likalia kama ngoma. Nikasema tumeibiwa, nikamshuku mlinzi, mzee wa watu, mbele ya walimu wote. Hilo linaniuma hadi leo kuliko hela.

Na ni yeye aliyegundua. Usiku mmoja alinipeleka kwenye vyoo vya wavulana akaniambia, "Nyamaza, mwalimu, sikiliza." Kulikuwa na mlio mwembamba, kama mtu anapumulia puani. Nikafunua kisanduku cha maji: boya, kile kielea kinachofunga maji kisanduku kikijaa, limekwama, maji yanapita juu ya bomba la kufurikia na kuteremka kwenye bakuli usiku kucha, hakuna aliyevuta. Vyoo sita vilikuwa hivyo! Kimoja tu kikivuja namna ile kinaweza kumaliza lita 700 kwa siku. Zidisha mwenyewe uone kama matangi yangefika Jumatatu. Dawa yake ni boya na mpira wake, vitu vinavyoenea kiganjani.

Nilipompigia yule muuzaji, alinishauri niongeze tangi la tatu. La tatu! Mtu ana ndoo imetoboka, wewe unamuuzia ndoo kubwa zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Jioni, watu wakishaondoka na tangi la juu likiwa limejaa (la sivyo mita itazunguka kwa haki yake, tangi likijazwa), hakikisha kila bomba limefungwa, kisha andika namba za mita hadi tarakimu ya mwisho kabisa. Rudi alfajiri kabla mtu hajanawa uso. Zikiwa zimesogea, kuna mvujo. Funga koki za majengo moja baada ya jingine mpaka mita isimame, utajua uko wapi. Vyooni weka matone ya rangi ya chakula kwenye kisanduku, usivute, subiri nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, umempata mwizi. Mabomba ya kunawia usiyadharau: tone moja kila sekunde linaweza kufika lita 10,000 kwa mwaka, yaani hilo tangi lako zima.

Kazi hiyo wape wanafunzi. Wawili wasome mita asubuhi na jioni, waandike namba ubaoni pale watu wanapopita. Wetu walianza kunikimbilia wenyewe: "Mwalimu, bomba la karibu na maktaba linadondosha!" Mabango yetu hayakuwahi kuleta mtoto hata mmoja na habari kama hiyo.

Tangi silikatai. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, kwa hiyo paa la mita za mraba 200 likipata milimita 30 ni karibu lita 6,000, ukiacha kidogo kinachopotea njiani. Ni maji mengi. Ila mwambie muuzaji asubiri. Ijumaa hii jioni nenda kwenye mita na kalamu, Jumatatu uandike hapa namba zote mbili, tuzisome pamoja.